Oksijeni Bila Asetilini

Nani huyo aliyeketi ofisini kwake, tumbo limejaa, akaamua kwamba njia nzuri ya kumpima mtu anayetafuta kazi ni kumketisha meza moja na wengine kumi na mmoja wanaoitafuta kazi hiyo hiyo, kisha kuwaambia wote washirikiane? Ningependa tu kumsalimia. Sisi wanawake wa Kikula, hapa Likasi, tunapopanga bidoni mbele ya bomba linalotoa maji pale linapojisikia, hajawahi kuja mtu na karatasi mkononi kutuambia kwamba atakayewapisha wenzake ndiye atakayeteka.

Testi ya kikundi. Ndivyo ujumbe ulivyosema kwenye simu, baada ya kimya kirefu kilichonifanya niamini kwamba dosie yangu ilikwisha kufungiwa karanga sokoni. Nafasi mbili za magazinie, mtunza ghala, katika kampuni moja ambayo sitaitaja jina, kwa sababu Likasi ni mji mdogo na mimi bado natafuta kazi. Nilimsomea mume wangu ujumbe huo. Akafikiri kidogo, akasema, "Kikundi? Basi na mshahara mtalipwa wa kikundi."

Usidhani kuajiriwa kwa kikundi ni jambo geni huku kwetu. Mji huu wote uliajiriwa kwa kikundi, tangu unaitwa Jadotville. Bourse du Travail du Katanga, iliyoanzishwa 1910 kuitafutia migodi mikono, ilituma watu wake vijijini. Waliongea na chifu, chifu akanyoosha kidole, na walioelekezewa kidole wakafungasha. Wengi hawakuulizwa kama wanataka, na hilo si la kuchekea. Lakini nikiitazama testi yenyewe, kama testi, ilikuwa fupi: daktari alikuweka kwenye mizani, akakugonga kifua, akaandika. Hakuna aliyemwuliza babu wa mtu aeleze udhaifu wake mkubwa ni upi. Udhaifu daktari aliusikia mwenyewe kwenye mapafu.

Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni yenye migodi, iliona ni nafuu mtu akae na mke na watoto kuliko kwenda kumtafuta mwingine kila mara. Ikajenga nyumba, ikagawa posho ya unga, na mtoto wa fundi akawa fundi. Serikali ilipouchukua mgodi mwaka 1967 na kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikazaliwa, testi ilibaki ile ile: ukoo. Baba anakupeleka kwa mkubwa wake, mkubwa anakutazama kuanzia juu hadi chini, anasema, "Huyu kweli ni wako," na kesho yake uko kwenye viatu vya chuma. Mambo hayo yalikuwa na upendeleo mwingi, nakubali, hasa kwa sababu mimi nilizaliwa msichana na hakuna aliyenipeleka popote. Lakini angalau mtu alijua wapi pa kupiga hodi.

Hayo yote yalianguka pamoja na shaba. Gécamines iliyotoa karibu tani 476,000 mwaka 1986 ilishuka mpaka watu wakasahau harufu ya mshahara, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa bahasha, kwa fedha za Benki ya Dunia, wakaondoka kwa utaratibu uliobatizwa jina la "kuondoka kwa hiari". Hiari hiyo inazungumzwa matangani mpaka leo, na sauti huwa hazipoi upesi.

Siku hizi anayekuajiri si mwenye mgodi. Ni mtu aliyepewa tenda na mtu aliyepewa tenda. Unafanya kibarua, unalipwa kwa siku, na mwisho wa wiki hujui kama Jumatatu jina lako litasomwa getini. Sheria ya kazi ya 2002 inasema kibarua wa siku akishatimiza siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena katika miezi hiyo, anahesabiwa kuwa mwenye mkataba usio na mwisho. Sheria nzuri sana. Imewafundisha mabosi wengi kuhesabu vizuri kabisa mpaka 21.

Ndiyo maana nafasi mbili za ghala, zenye mkataba wa kweli kwa maandishi, zilituamsha mji mzima. Na ndiyo maana nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa testi yoyote: nilijiandaa.

Dosie kwanza. Nakala ya diploma, cheti cha mwenendo mwema, karatasi ya daktari, kadi ya ONEM ya mtafuta kazi, barua ya kusema kwa nini unaitaka kazi. Hiyo barua ndiyo inayonichosha. Naitaka kazi kwa sababu watoto wanakula. Lakini ukiandika hivyo wanasema huna malengo, kwa hiyo niliandika kwamba tangu utotoni nilivutiwa na mambo ya ghala.

Kisha nikampigia mtoto wa dada yangu, ambaye yuko Lubumbashi katika ofisi ya RH, ile inayoajiri watu. Yeye ndiye hukaa upande ule wa pili wa meza, na kalamu. Alinitumia sauti nyingi kwenye WhatsApp hata bando likalia.

"Mama mdogo," akaniambia, "pale hawatafuti jibu."

"Wanatafuta nini basi?"

"Wanaangalia mnavyofika kwenye jibu. Kila aliyeketi ukutani ana karatasi yenye majina yenu na vijisanduku. Anayesikiliza, alama. Anayemkatiza mwenzake, alama inatoka. Anayeona kwamba fulani hajasema kitu akamwita kwenye mazungumzo, alama. Anayekumbuka saa, alama. Anayebadili wazo lake na kusema kwa nini amelibadili, huyo alama nyingi, kwa sababu ni wachache wanaoweza."

"Na anayejua jibu?"

Akacheka. "Huyo huwa anaharibu."

Aliniambia nisiwe wa kwanza kusema na nisiwe wa mwisho. Niseme mapema, lakini kwa ufupi, kwa sababu mtu akikaa kimya dakika kumi za mwanzo, mdomo unashika kutu na wenzake wanamzoea kama kiti. Niwaite watu kwa majina. Nisiwatazame wale wa ukutani hata kidogo. Anayeongea huku anachungulia kama wameandika, wanamwandika kweli. Nikipinga, kwanza nichukue kitu alichosema mwenzangu, nikijenge, ndipo nigeuze. Nikamwambia hilo la mwisho simhitaji yeye kunifundisha, maana nimekaa na mawifi miaka mingi. Na nikala sifa palepale, kabla hazijaja.

Alinipa na historia, kwa kuwa siku hizi watoto wakisoma hawawezi kujizuia. Kumbe kuwapa watu kazi bila kuwapa kiongozi, ili uone nani atakayejitokeza, ni mchezo wa majeshi. Wajerumani waliutumia kuchagua maofisa kati ya vita vile viwili vikubwa. Waingereza wakauchukua mwaka 1942, pamoja na madaktari wa akili, mmoja wao akiitwa Wilfred Bion, kwa sababu njia yao ya zamani, ya mkubwa kumtazama kijana na kumwuliza ametoka shule gani na ukoo gani, ilikuwa inawaletea maofisa wasiofaa. Kwa hiyo Waingereza waliukimbia ukoo wakafika kwenye kikundi. Sisi tumefika kwenye kikundi na ukoo bado umeketi getini, unauliza uko na mtu gani ndani.

Jioni ile nilifanya mazoezi nyumbani. Nikaiketisha familia, nikatoa swali: tupike nini Jumapili, dakika kumi, lazima tukubaliane. Mume wangu alichukua dakika sita peke yake kueleza bei ya samaki wa Tshangalele tangu enzi za Zaire. Watoto wakubwa wawili waligombana. Nikakumbuka mafundisho, nikamgeukia mdogo aliyekuwa kimya, nikamwita kwa jina, nikamwuliza yeye anaonaje. Akasema kuku. Wote wakakubaliana kwa kura. Hivyo ndivyo nilivyopoteza kuku wangu wa mayai kwa ajili ya maendeleo ya taaluma yangu.

Siku yenyewe tulifika saa moja asubuhi kwa miadi ya saa tatu, wakatupokea saa tano. Nataka nizieleze hizi saa za getini kwa kirefu kidogo kwa sababu hakuna aliyekuwa akiandika na zilikuwa testi bora kuliko ile ya ndani. Mlinzi alisema dosie zote ziwe na nakala mbili. Mmoja alikuwa nayo moja tu, wawili wakampeleka kwenye duka la fotokopi huku mwingine akimlindia nafasi. Kulikuwa na mama wa vitumbua. Waliokuwa na makuta wakanunua, wasiokuwa nayo wakala. Ukiketisha watu kumi na wawili wa Likasi mahali pamoja, kabla jua halijapanda utakuta watatu ni mashemeji na wawili waliimba kwaya moja. Tukajuana. Mzee mmoja mwenye mvi, aliyejifunza kuunganisha vyuma kwa baba yake, fundi wa karakana za Panda, alitupangia zamu ya kivuli, wanawake kwanza. Hakuna aliyempa alama.

Halafu wakatuita ndani, wakatubandika majina kifuani, na upendo wote ukabaki nje na karatasi za vitumbua.

Ukutani walikaa watatu. Madamu mmoja wa RH mwenye miwani, bwana mmoja aliyeandika bila kuinua kichwa, na mwingine aliyeangalia simu yake tangu mwanzo hadi mwisho, nikajua huyo ndiye mkubwa. Tukagawiwa karatasi kwa Kifaransa. Nikasoma. Nikarudia kusoma. Nikamtazama jirani yangu kuona kama na yake imeandikwa hivyo.

Tulikuwa tumeanguka mwezini.

Si mfano wa maneno. Chombo chetu kimeanguka mwezini, chombo kikubwa tunachotakiwa kukifikia kwa miguu kiko umbali wa kilomita 320, tumebakiwa na vitu 15, na tuvipange kwa umuhimu, kuanzia cha kwanza hadi cha kumi na tano. Dakika thelathini. Kilomita 320 ni kama kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi na kupitiliza. Mimi wiki ile sikuwa na nauli ya kwenda Kambove, hapa jirani.

Kijana wa tai nyekundu alikuwa wa kwanza. Alisimama, ndiyo, alisimama, akasema kwa Kifaransa cha kwenye redio kwamba yeye kama kiongozi wa chombo anapendekeza utaratibu. Mwalimu mmoja wa historia akamwuliza kwa upole ni nani aliyemchagua. Kijana akasema mahali pasipo na kiongozi lazima mtu ajitolee. Kaka mmoja, yule wa kwaya, akasema basi na yeye anajitolea. Tukawa na viongozi wawili na dakika ishirini na saba.

"Mama," tai nyekundu akaniambia, "wewe utaandika."

Mnaona? Tulikuwa wanawake wawili pale, mimi na msichana mmoja mhitimu wa uhandisi aliyekuwa amejikunja mwisho wa meza. Wanaume kumi wenye mikono miwili kila mmoja, na kalamu ikanitafuta mimi. Nyumbani naandika madeni, kanisani naandika michango, mwezini pia niandike. Nilitaka kukataa. Lakini niliona jambo: anayeshika kalamu, watu wote humgeukia kuhakikisha neno lao limeingia. Na nisipokubali kitu, naweza kuuliza, "Niandike namna gani hapo?" mara tatu, mpaka mwenyewe anaanza kuwa na wasiwasi. Nikaichukua. Ukipewa kalamu kwenye testi ya namna hii, dada yangu unayesoma, ichukue, ila usiandike ukiwa kimya. Soma kwa sauti ulichoandika kila baada ya muda. "Mpaka sasa tumesema hivi na hivi, bado hatujakubaliana hapa." Wale wa ukutani huwa hawajui tumefika wapi wao wenyewe, kwa hiyo wanakushukuru kwa alama.

Tukaanza na bastola mbili. Au tuseme hatukuanza nazo. Zilikuwa kwenye orodha, wote tulizisoma, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kutaja bastola mbele ya watu wasiojulikana wanaoandika. Tuliziruka kwa heshima.

Maji yalifuata, na hapo mwalimu wa historia akapata uhai. Maji yawe ya kwanza, alisema, na ushahidi uko hapa hapa mjini: Septemba 1961, wanajeshi wa Ayalandi waliokuja na Umoja wa Mataifa, kampuni ya watu kama mia moja na hamsini chini ya kamanda Quinlan, walizingirwa hapa Jadotville na askari wa Katanga wakapigana siku kadhaa, na kilichochangia kuwafanya wanyanyue mikono, pamoja na risasi kwisha, ni maji. Alieleza vizuri sana. Alieleza mahali walipokaa, akaeleza joto la Septemba, akaanza kueleza Tshombe, kiongozi wa Katanga wa wakati ule. Kaka wa kwaya akasema, "Mwalimu, dakika kumi na tisa." Nami nikauliza hayo maji ni kiasi gani. Karatasi ilisema lita kumi na tisa hivi. Bidoni moja ya njano! Kwa watu kumi na wawili! Nikawaambia kwamba mwanamke yeyote wa Kikula angekataa kuondoka na chombo hicho tangu duniani.

Ndipo tukafika kwenye mitungi miwili ya oksijeni, na Mzee wa Panda akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

Lazima mwelewe shida iliyokuwapo. Mtoto wa dada yangu alisema kila mtu apewe nafasi sawa, lakini hakunieleza unafanyaje nafasi sawa na mtu mwenye mvi. Alipovuta pumzi tu, meza nzima ilinyamaza, hata viongozi wote wawili. Alisoma karatasi, akavua miwani, akauliza:

"Oksijeni, sawa. Asetilini iko wapi?"

Kimya.

"Watoto, miye niko nauliza. Oksijeni bila asetilini utaunganisha nini? Chombo kimevunjika, mumesema. Nipeni asetilini, tunatengeneza chombo, tunarudi. Hii kutembea kilomita 320 ni kazi ya nini?"

Niwe mkweli: kwa kipimo cha mji wetu hilo lilikuwa pendekezo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Tai nyekundu akaanza kucheka. Nusu ya meza ikamgeukia kwa macho mabaya, na nikaona bwana wa ukutani anaandika kitu kirefu. Nikakumbuka: chukua neno, lijenge, ligeuze. Nikasema, "Papa, pole, naomba nikamate hapo neno lako. Kama mitungi hii si ya kazi ya moto, huenda ni ya nini?" Akanitazama. Akasoma tena. "Mwezini hewa haiko?" akauliza. Haiko, Papa. "Hata kidogo?" Hata kidogo. Akarudisha miwani.

"Basi naondoa neno langu," alisema. "Nilifikiri ni mitungi ya atelie. Kama ni ya kupumua, inapita maji. Mtu anaweza kushinda na kiu siku nzima. Bila hewa hata dakika tano hamalizi. Andika, Mama: ya kwanza."

Nikaandika. Hoja ya Waayalandi ikashuka hadi ya pili, mwalimu akakubali kwa shingo upande. Mzee, sasa mdomo umepata moto, akaongeza kwamba tungeuliza kwanza nani alitengeneza chombo, maana roketi siyo mambo ya kusimuliwa huku Katanga. Wajerumani walirusha zao hapa wakati wa Mobutu, baba yake alimwambia. Tai nyekundu akasema hizo ni hadithi. Mwalimu akainuka kama aliyechomwa na siafu: si hadithi! Kampuni iliitwa OTRAG, ilipewa eneo kubwa kaskazini mwa Shaba, jina la Katanga wakati huo, juu ya bonde la Luvua, ikarusha roketi mwaka 1977 na mara mbili mwaka 1978, na ile ya Juni 1978, Mobutu akiwa palepale anatazama, ilipanda, ikageuka, ikaanguka.

"Basi ni ile ile," alisema Mzee. "Ndiyo tumo ndani."

Hata yule wa simu aliinua macho.

"Dakika nane," alisema kaka wa kwaya, "na tumepanga vitu viwili."

Hapa Kifaransa kilituaga. Vitu kumi na vitatu kwa dakika nane huwezi kuvigombania kwa lugha ya shule. "Ile haiwezekane!" "Weye, acha amalize!" "Kamba ya nini, nani anateka kisima?" Mmoja aliitetea katoni ya maziwa ya unga kwa uchungu ambao uliniambia ana mtoto mchanga nyumbani. Mwingine alisema kiberiti kiwe juu kabisa, kwa sababu usiku bila moto ni usiku bila moto. Hapo nikasikia kitu kutoka mwisho wa meza, sauti ya mtu anayeomba msamaha. Yule msichana. Nikainua kalamu: "Dada hapa amesema neno, tumsikie." Akasema kiberiti hakiwaki mahali pasipo na hewa, kiwe cha mwisho. Na dira ya sumaku pia haifai, kwa sababu mwezi hauna sumaku ya kuivuta kama dunia. Tuchukue ramani ya nyota. Alivipanga vyote kumi na vitatu kwa muda usiozidi kuimba ubeti mmoja. Alikuwa anajua tangu mwanzo.

Nilijipa alama ya kumwita. Baadaye uani aliniambia, "Aksanti, Mama, lakini nilikuwa karibu kusema mwenyewe." Watoto wa siku hizi.

Sehemu ya pili ilikuwa ya mmoja mmoja, bado tumeketi wote: jieleze kwa dakika mbili, utaje udhaifu wako mmoja. Sitawachosha. Kati ya watu kumi na wawili, kumi walikuwa na udhaifu wa kupenda kazi kupita kiasi. Mji wenye watu wa namna hiyo ungekuwa na umeme. Mimi nilisema nina udhaifu wa kutopenda hesabu isiyofunga, kwamba pakikosekana msumari mmoja siku nzima nitautafuta. Madamu wa RH alitikisa kichwa, nikaona ameandika. Mzee alipofika yeye akasema macho ya karibu yanamsumbua, basi. Alitoa miwani kama ushahidi.

Sikuwa na tatizo na swali la mwezi lenyewe. Kadiri nilivyokaa nalo, niliona ile ni karatasi ya ghala: vitu 15, idadi, kipi kitoke kwanza. Hakuna aliyegundua. Hakuna aliyeuliza stoki imehesabiwa na nani, wala karatasi ya kutolea vitu imesainiwa na nani. Nami niliyegundua, niligundua usiku kitandani, nikamwamsha mume wangu kumwambia, akasema hata yeye mwezini asingesaini.

Majibu yalikuja. Walichukuliwa wawili: Mzee wa Panda na yule msichana. Mzee, kwa habari tulizopata kwa shemeji yake mlinzi, aliwashinda wote kwa lile la kuondoa neno lake mbele ya watu. Tai nyekundu hakupata, ingawa alituambia uani kwamba ana mjomba katika ofisi kuu. Labda mjomba naye alikuwa kwenye testi ya kikundi. Mimi niliandikiwa kwamba nimefanya vizuri sana na nimewekwa akiba. Nimetumikia hesabu za watu maisha yangu yote, nimeandika kilichoingia na kilichotoka, na sasa mimi mwenyewe niko kwenye rafu.

Ila tulikuwa tumefungua kikundi cha WhatsApp siku ile getini, cha kuambizana majibu. Majibu yakaja, na hakuna aliyetoka. Kwanza ilikuwa salamu, kisha matangazo ya kazi, kisha mwalimu akaanza kututumia Tshombe kwa sehemu, kila Alhamisi. Mke wa kaka wa kwaya alipojifungua tulichanga. Halafu mtu akauliza kwa nini tusifanye likelemba, watu kumi na wawili, mwezi kwa mwezi, kila mmoja anakula zamu yake. Hakuna aliyesimama kusema yeye ni kiongozi. Mzee alipanga zamu, wenye watoto wachanga kwanza. Kaka wa kwaya anakumbusha tarehe. Tai nyekundu anapita kukusanya, na lazima niseme kijana ana miguu myepesi na harudi mikono mitupu. Daftari, bila shaka, naandika mimi.

Linakwenda vizuri. Mwezi huu wote wametoa isipokuwa wawili, ambao kila nikiwapigia wananiambia nisubiri kidogo, mshahara wa kampuni bado haujatoka.